Sanduku la Santuri la Bi Zuleha

Jumapili, 11 Agosti 2024

Kikao cha Masikio. Tulikuwa saba, karakana ya Sufiani, tumekalia mbao zake kama kila Jumapili baada ya Alasiri. Utaratibu uleule. Khanga inatundikwa, mchezeshaji anakaa nyuma yake, sisi tunasikiliza tu na kutaja bendi, mwaka na mpiga gitaa la solo. Hakuna kuchungulia. Kwetu jazz ni zile bendi za magitaa za zamani, na wimbo ukiwa haujulikani ndiyo raha yenyewe.

Nimepata sifuri. Mara ya nne mfululizo! Nilisema bendi ya Kilosa, kumbe Wakongo. Nilisema 1974, kumbe huo ndio mwaka aliozaliwa mwimbaji. Nikalaumu spika.

Alois kapata zote. Huyu Alois ni mkulima wa kabichi kutoka Mgeta. Anashuka mlimani na gambuti zake zenye tope, anakaa kwenye kona, anafumba macho, kisha anataja jibu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mimi nina miaka kumi na moja najulikana mtaa wetu wa Mwembesongo nzima kama mtaalamu. Yeye kajiunga Februari.

Halafu likatokea jambo. Bi Zuleha kaja mwenyewe na mkongojo wake. Ni mjane wa marehemu Stambuli, solo wa Mindu Jazz. Kasema ana sanduku la santuri za mumewe, thelathini na kitu, nyingine hazikuwahi kupigwa redioni. Watoto wako Dar, hawana habari nazo, na panya wameanza kulizunguka sanduku. Jumapili ijayo atachezesha sita nyuma ya khanga. Kila mtu ananyoosha mkono mara moja tu. Atakayemtambua Stambuli kwa sikio atapewa sanduku alitunze. Kasema watu wa kujua majina wamejaa mjini, yeye anamtaka mtu anayemsikia mume wake.

Wote wakanigeukia mimi. Nimewasimulia mara mia jinsi nilivyocheza mbele ya jukwaa la Stambuli mwaka 1979. Nikatabasamu kitaalamu.

Sanduku likipanda Mgeta, mimi nimekwisha. Nani atamsalimia mtaalamu asiye na kitu?

Jumatatu, 12 Agosti

Ukweli, kwa kuwa mke wangu Mama Shadya hausomi mwandiko huu (anadai unamuumiza kichwa): mwaka 1979 sikuingia ukumbini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kiingilio sina. Nilisimama nyuma ya ukuta, upande wa choo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mlinzi alinizaba makofi mara mbili. Stambuli sikumwona hata kisigino.

Lakini lile gitaa, jamani! Nilirudi nyumbani nalia na sijui ninalilia nini. Sijawahi kumwambia mtu.

Hata hivyo ni miaka arobaini na mitano. Masikio haya siku hizi hayasikii hata mlango ukigongwa. Kuyategemea ni uzembe. Panahitajika mbinu.

Mbinu ya kwanza: nimemwendea Sufiani, mwenyekiti wetu, nikamwomba orodha ya nyimbo sita. Kasema hana, Bi Zuleha atakuja na santuri zake na mashine yake ya kuzichezeshea. Nikamwambia nilikuwa napima uaminifu wake. Kasema haya mzee, umeshapima. Kaendelea kupiga randa.

Jumatano, 14 Agosti

Siku kubwa! Nimekwenda kwa Bi Zuleha na kilo mbili za mchele wa Dakawa. Nikampa shikamoo dada, nikaulizia magoti, macho, watoto, paa. Kasema marahaba mdogo wangu, leo umekumbuka nini, maana tangu arobaini ya marehemu hukukanyaga hapa. Nikasema nimeota ndoto ya panya.

Nikaingia kwa adabu. Nikamuuliza ni wimbo gani wa marehemu anaoupenda kuliko yote, nami nifaidi japo kidogo. Hakukasirika. Kaitoa santuri moja sandukuni, kaifuta kwa upindo wa khanga, kaiweka kwenye mashine, kisha kakaa kitandani mikono mapajani.

Wajinga wangesikiliza wimbo. Mimi nilisikiliza mkwaruzo! Kila santuri ya zamani ina kovu lake, na hii ilikuwa nalo, wazi kabisa, tangu sindano ilipogusa: tak, tak-tak. Kimya. Tak, tak-tak. Nikaandika kiganjani kwa kalamu. Wimbo wenyewe siwezi kusema ulikuwaje, nilikuwa kazini. Ulipokwisha Bi Zuleha kaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia sana, dada.

Alois na afumbe macho yake mpaka yashikane. Mimi nina kovu.

Ijumaa, 16 Agosti

Mazoezi. Nagonga meza kwa kijiko: tak, tak-tak. Mama Shadya kadhani naita chai. Kaleta. Nikagonga tena. Kaleta tena. Kikombe cha tatu kaniuliza Baba Shadya, unaumwa? Nikamweleza mbinu, kwa ufupi, bila ukuta wa choo. Kakusanya vikombe. Kisha kasema kama ulikuwa umekaa na wimbo wenyewe, si ungeusikiliza tu? Wanawake hawaelewi mikakati.

Nimetayarisha pia leso. Nimeisugua kitunguu cha Mgeta, kikali kweli. Mshindi lazima atokwe na machozi, Bi Zuleha ni mtu wa hisia. Isitoshe kitunguu ni cha huko kwao Alois, kwa hiyo naye kachangia.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika nimejifungia chumbani.

Karakana ilijaa. Hata jirani zake Sufiani walikuja, na Magdalena wa chama cha kwaya pale Mazimbu, ambaye huwa haji. Bi Zuleha kaingia nyuma ya khanga na mashine yake. Sindano ikagusa wimbo wa kwanza.

Tak, tak-tak.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla gitaa halijalia! Sufiani kasema mzee subiri angalau waimbe, mkono ni mmoja tu. Nikasema sihitaji. Nikasimama. Nikasema hadhirani, huyu ni Stambuli, ningemtambua hata nikiwa kaburini. Nikajifuta kwa leso. Kitunguu kikafanya kazi kupita kiasi. Nikahutubia nimefumba macho, si kwa hisia, yalikataa kufunguka. Nikawaeleza vidole vya Stambuli, roho ya Stambuli, na jinsi alivyonikonyeza mwaka 1979 kutoka jukwaani. Magdalena kanipigia makofi.

Nikaketi. Wimbo wa pili.

Tak, tak-tak.

Nikadhani amesahau kubadilisha. Lakini aliimba mwanamke. Wimbo wa tatu, tarumbeta tupu, na chini yake, taratibu, bila haya: tak, tak-tak. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

Wimbo wa nne siujui. Hakuna aliyeujua. Bendi ndogo, besi inatembea polepole, kisha gitaa likaingia. Nilikuwa nimetingwa na hesabu ya kujiokoa, sikulitilia maanani. Niliona tu kwamba Alois kaegemeza kichwa ukutani na midomo yake inatikisika. Hatari! Nikaamua kumkatisha. Nikasema kwa sauti kwamba huyu ni mwanagenzi, anaiga, na kidole chake cha tatu ni kizito. Nikaongeza kwamba afadhali angekwenda kulima.

Alois kangoja mpaka noti ya mwisho. Kisha kanyoosha mkono. Kasema ni yeye. Kaulizwa kajuaje. Kasema anachelewa kidogo kabla ya kiitikio, anawapisha waimbaji wapite kwanza. Basi. Hakuhutubia.

Nyuma ya khanga mashine ikazimwa. Halafu tukasikia mtu analia, na huyo hakuwa na kitunguu.

Bi Zuleha katoka. Kasema ndivyo alivyokuwa hata nyumbani, mlangoni alikuwa anawapisha watoto wapite kwanza. Kasema wimbo huo ulitolewa nakala chache, redioni haukupigwa hata siku moja. Kisha kanigeukia mimi. Wa kwanza ulikuwa wa Ngerengere Jazz, kasema, na huyo mpiga gitaa wao, Stambuli hakumpa salamu miaka ishirini. Nikajitetea. Nikasema nilisikia kovu, tak, tak-tak. Ilinitoka tu.

Kasema hiyo ni mashine. Inagonga tangu ilipoanguka wakati tunahamia Mwembesongo, mwaka 1998. Inagonga kila santuri.

Kisha kasema, taratibu, mbele ya kila mtu: na huu wa nne ndio niliokupigia Jumatano, mdogo wangu Abeid.

Karakana nzima ikasema aah. Sufiani kainama kutafuta msumari ambao haukuwepo. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Jumatatu, 19 Agosti

Sijatoka nje. Mpita njia kagonga ukuta wangu mara tatu kwa mpigo ule. Ni mkono wa Sufiani, naujua.

Kibaya zaidi: Alois kapewa sanduku na kalikataa! Yaani hakulikataa, kasema ni lake na analiacha kwa Bi Zuleha, mradi apewe ruhusa kila Jumapili kuja kusikiliza santuri mbili tatu. Kaahidi kuleta mitego ya panya. Mtu wa aina gani huyu? Anashinda halafu anaacha!

Saa tisa Bi Zuleha kamtuma mtu aniite. Nikaenda kichwa chini. Nilidhani anarudisha mchele. Kanikalisha, kaniwekea ule wimbo wa nne, kanikataza kuandika kiganjani.

Nilisikiliza. Lilikuwa lilelile, la nyuma ya ukuta. Lilichelewa kidogo, likawapisha, likaingia. Nikawa na miaka kumi na sita, shavu linawaka kofi la mlinzi, na wala sijali. Nililia bila leso. Nikamwambia Bi Zuleha ukweli wote: ukuta, choo, mlinzi, kukonyezwa kwa uongo.

Kacheka mpaka kashika mkongojo. Kasema jana alinitazama kwa upenyo wa khanga wakati namtukana mumewe. Mdomo ulikuwa unasema anaiga, lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa unacheza wimbo mzima, haukukosea hata mahali pamoja. Mguu wako ni mkweli, kasema, sijui wewe uliupata wapi. Mwezi ujao atachezesha tena, sita nyingine, na atakayeshinda atakuwa mlezi wa sanduku pamoja na Alois. Kanisihi nije kama nilivyokwenda kule ukutani, bila ujanja.

Nikaapa. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Alhamisi, 22 Agosti

Siku tatu nimeyatafakari maneno ya Bi Zuleha. Mama mwenye hekima kubwa. Mguu haudanganyi! Masikio yanachanganywa, kichwa kinatiwa kiburi, lakini mguu unajua.

Asubuhi nimekwenda sokoni nikamnunulia Alois zawadi ya kumpongeza: kandambili nzuri, za bluu, saizi kubwa. Nimempa pale anaposhushia kabichi. Nimemwambia karakana ina joto, gambuti zitamuumiza miguu, kila Jumapili aje amevaa hizi ajisikie nyumbani. Kashikwa na aibu. Kanishukuru, kanipa kabichi tatu, kasema hakujua kwamba mimi ni mtu mwema namna hii.

Mama Shadya kaguswa mno. Kaniambia Baba Shadya, sasa umekuwa mtu mzima. Kapika kabichi kwa nazi na hakuuliza habari za kijiko.

Mchana nimepita karakana, Sufiani hayupo, nikapima. Nikikaa ubao wa tatu kutoka mlangoni, nikainama kidogo kama mwenye kiungulia, kidole gumba cha mguu wa Alois nitakiona chote.