Ombi la Kufuta Ukweli Kuhusu Mieleka

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUOMBA KITUO CHAKO KIKANUSHE UKWELI KILIOUTANGAZA JUMAMOSI YA TAREHE SITA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kinauma pia.

Mimi ni fundi cherehani, mwenye duka la mlango wa kijani mkabala na mchomelea mageti. Nimekuwa mtazamaji wenu wa mieleka kwa miaka ishirini na sita, ukiwemo mwaka mzima ambao televisheni yangu ilitoa sauti bila picha, nami nikaisikiliza hivyohivyo. Sijawahi kuwasumbua, isipokuwa kwa ile barua ya macho ya refa, ambayo hamkuijibu na ambayo nitaigusia mbele. Naandika kwa heshima zote na kwa kalamu ya wino, ili mjue kwamba jambo ni zito. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlitangaza wiki nzima kwamba Jumamosi saa kumi alasiri, mahali pa pambano, mtaonyesha makala ya historia ya mieleka. Sikukasirika. Anayependa kitu hupenda pia kujua kilikozaliwa. Nilifunga duka saa nane, nikapiga pasi shati, nikafuta vumbi kioo cha televisheni. Nusu saa ya kwanza, nakiri, ilikuwa nzuri. Mlituonyesha wanaume wa zamani wenye masharubu yaliyopinda, waliozunguka mji hadi mji na hema lao, wakimwita yeyote aliyejiona ana nguvu apande ulingoni ajaribu. Mlituonyesha mikanda ya ubingwa na kaptura za sufu zilizoshonwa kwa mkono, kazi safi sana. Halafu mkamleta mzee mmoja, bingwa mstaafu, ameketi kwenye kochi na mbwa mdogo mapajani. Akatabasamu, akasema kwamba mshindi wa Jumamosi hujulikana tangu Alhamisi.

Alhamisi, Ndugu Mkurugenzi. Siku ambayo mimi nakata vitambaa na kuwaza nani atashinda.

2. Kama mngeniambia mimi peke yangu, ningemeza. Lakini sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwetu miaka minne iliyopita, alipostaafu uuguzi. Yeye ni mtu wa maneno machache, nami mbele yake ulimi huwa mzito, maana mkwe ni mkwe. Miezi saba ya kwanza tulisemezana maneno manne kwa siku: shikamoo, marahaba, karibu, asante. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka kazi uani. Nikiingia mimi, yeye anakumbuka nguo za kukunja. Mke wangu, ambaye kila Jumamosi yuko zamu kwenye duka la dawa, alisema nyumba yetu imekuwa kama chumba cha kumsubiria daktari.

Basi Jumamosi moja mama alikuwa anapita na glasi ya maji. Kwenye televisheni, Daktari Maumivu alikuwa anamnyatia Gunia la Misumari kwa nyuma, na Gunia, kama kawaida yake, alikuwa anawapungia watu mkono. Mama akasimama. Bila kunitazama, akamwonya Gunia ageuke. Gunia hakusikia. Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akavuta kigoda cha jikoni, akaketi pale mlangoni, mguu mmoja sebuleni na mwingine koridoni.

Tangu siku hiyo kigoda kilisogea. Mimi ni mtu wa futi, napima kwa jicho: inchi mbili tatu kila wiki. Kilichukua miezi kumi na mmoja kufika kwenye zulia. Mwaka wa pili tukaanza kubishana, yeye upande wa Gunia, mimi upande wa Daktari Maumivu, ambaye nashikilia kuwa ni mwanamume anayeonewa. Mtu akipigwa kwa kiti, mama hutaja mfupa uliopata tabu. Nimejifunza kwake mifupa yote ya mkono. Yeye amejifunza kwangu historia: nani alimsaliti nani, mkanda ulipotea lini, na kwa nini wale mapacha si mapacha.

Siku ile mzee wa mbwa aliposema neno lake, sikuthubutu kumtazama mama. Nilinyoosha mkono nikazima televisheni. Kisha mama akainuka, akabeba kigoda chake, akakirudisha jikoni. Ni Jumamosi ya tatu sasa. Tumerudi kwenye yale maneno manne, na jana asubuhi yalikuwa matatu. Naumia, Ndugu Mkurugenzi, na sioni haya kuliandika.

3. Hapa naomba barua hii isisomwe hewani. Msidhani mmenifumbua macho mimi. Mimi nilijua.

Gunia la Misumari huchana fulana yake kila anapoingia ulingoni. Watu hupiga kelele kwa nguvu za yule mtu. Lakini fundi haangalii misuli, fundi anaangalia mshono. Fulana ile imepigwa bandi tu, ule uzi mrefu wa muda tunaoshikizia nguo kabla ya kuishona, na hapo shingoni imetangulizwa mkasi kidogo. Fulana iliyoshonwa sawasawa haichaniki hivyo hata ukimpa fahali. Niliona siku ya kwanza kabisa, nikanyamaza miaka ishirini na sita. Kwanza kwa sababu siri ya fundi mwenzangu ni siri yangu. Pili kwa sababu sikuona inamdhuru nani. Nilijua inapangwa, sikujua tu kwamba ni mapema kiasi hicho.

Na mama alipokuja kuketi na kumwonya yule Gunia kwa moyo wote, ndiyo kabisa nikafunga mdomo. Mtu aliyewahudumia wagonjwa wa kweli maisha yake yote, akapata uzeeni mtu wa kumhangaikia ambaye Jumamosi ijayo atakuwa mzima, wewe ungekuwa na moyo wa kumwambia? Mimi sikuwa nao. Nyinyi mlikuwa nao, na mkaweka na muziki.

4. Refa. Kwa miaka mingi nimemtetea hadharani kwamba macho yake ni mabovu. Niliwaandikia nikiomba apelekwe kupimwa miwani. Sasa mzee wa mbwa anasema refa huwa anageuka makusudi kila kiti kinapoingia ulingoni. Kwa hiyo namdai refa pole zangu zote, azirudishe.

5. Mchomelea mageti wa mkabala, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kukubali jambo lolote, alianza kuniambia kitambo kwamba mieleka ni maigizo. Tulikosana. Kuna kipindi nilikataa kupunguza suruali yake, akatembea miezi miwili akikanyaga pindo. Sasa kila asubuhi anainua ile miwani yake ya kuchomelea na kuniuliza leo kapangwa nani. Namjibu kwamba kazi iendelee. Nitamjibu nini kingine?

6. Nami najiuliza, kama kituo chenu kimeamua kufichua yaliyopangwa, mbona mmeanzia kwa wanyonge wenye chupi za kumetameta? Katika tamthilia yenu ya saa moja kuna bibi amekuwa mahututi mwaka wa tatu huu, kitandani, amepaka wanja. Hamjamleta mzee na mbwa kutuambia kwamba yule bibi akimaliza kufa anakwenda kula. Katika mdahalo wenu wa wagombea, mabwana wawili walitoleana maneno ambayo sikuruhusu watoto wayasikie. Shemeji yangu, anayefagia ofisi zenu, aliwaona baadaye kwenye maegesho wakigawana utani na kiberiti. Mlifanya makala? Hata mtabiri wenu wa hali ya hewa hutuambia mvua kwa uso mkavu, nami nikaanua vitambaa vya harusi nzima, na jua likawaka siku nne.

Kati ya wote hao, mwanamieleka ndiye pekee anayetudanganya huku akitoka jasho. Anaanguka kwa mgongo ili sisi tufurahi. Mgombea hajawahi kuanguka kwa mgongo kwa ajili yangu.

7. Kwa hiyo basi, baada ya kufikiri sana nikiwa nashona sare za shule, naomba yafuatayo:

Yule mzee aitwe tena, kochi lilelile, akanushe. Aseme alikuwa na homa. Mbwa hana kosa, ila naye awepo, ili watu wasiseme ni makala nyingine.

Siku ya Alhamisi ifutwe kwenye ratiba ya wanamieleka, wapumzike, ili kusiwe na siku ya kupangia.

Kama hilo ni gumu, Daktari Maumivu amvunje Gunia mfupa mmoja wa kweli, mdogo, wa kidole hivi, mbele ya kamera, imani irudi. Nasema hivi kwa huzuni, na mimi ndiye niliye upande wa Daktari.

Na kama hata hilo lina vikwazo vya kisheria, basi nitumieni barua moja tu, yenye muhuri, inayosema kwamba makala ya tarehe sita ilikuwa kosa la mitambo. Sitaionyesha kwa Profesa wala kwa mtu yeyote wa mtaani. Nitaiacha mezani jikoni, karibu na kigoda, kama mtu aliyeisahau.

Ili msinione mzushi, namwomba mama mkwe mwenyewe aweke sahihi hapa chini kama shahidi kwamba mimi ni mtazamaji wa muda mrefu. Nitaufunika ukurasa huu kwa kiganja ili aone nafasi ya sahihi tu.

Nisalimieni msomaji wa habari wa saa mbili, na wapiga picha, na mama wa chai, na mlinzi wa getini ambaye shemeji anasema ni mtu wa watu. Mtabiri wa hali ya hewa nimemsamehe, lakini salamu zangu asipewe kwanza.

Ni mimi, mtazamaji wenu, mgongo uko chini lakini sijahesabiwa tatu,

Fundi Cherehani,
Mlango wa Kijani.

Shahidi: (ameweka sahihi, tazama nyongeza)

NYONGEZA BAADA YA SAHIHI

Ndugu Mkurugenzi, tafadhali usitekeleze lolote kati ya hayo niliyoomba.

Nilimpelekea mama barua chumbani kwake na kiganja changu juu ya ukurasa. Mtu aliyesimamia wodi haoni kiganja. Alivaa miwani, akanisogeza mkono kama anayesogeza mkono wa mgonjwa, akaisoma yote kuanzia tarehe. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja koridoni. Alipofika namba tatu alirudia kusoma. Akaniuliza kama kweli ile fulana nilijua. Nikasema ndiyo, mama, tangu siku ya kwanza.

Alicheka mpaka akavua miwani. Miaka minne sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Kisha akasema, nami nanakili alivyosema:

"Mwanangu, mimi nimefunga plasta miaka thelathini na mmoja. Aliyevunjika mkono hapungii watu mkono huohuo Jumamosi inayofuata, kama Gunia. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulikuwa unaamini, na nilipokuona umezima televisheni nikasema nikuache uomboleze."

Huwa ananiita mkwe. Leo ameniita mwanangu, na hakuonekana kuona kama amesema kitu. Mimi niliona, ikabidi nijifanye natafuta kalamu.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba nayaondoa. Barua naituma tu kwa sababu tuna shida nyingine. Tulizima televisheni katikati, hatujui makala iliishaje. Tunaomba muirudie Jumamosi yoyote saa kumi, na msikate hata neno. Kigoda hakitarudi tena sebuleni. Mama ameagiza nimsogezee kiti cha mikono, kile changu.

Na ana swali lake, amenisimamia niliandike. Anasema yule mzee anamshika mbwa kwa mkono wa kushoto muda wote, na wa kulia hauinuki kupita kifua. Kiwiko kile, anasema, kilivunjika kweli, iwe kilipangwa Alhamisi au hakikupangwa, na aliyekifunga alikifunga vibaya. Anaomba mmuulize yule mzee kama kinamuuma wakati wa baridi, na kama kinamuuma, mmwambie asiendelee kumbeba mbwa.