Cherehani ya Dada wa Kukodi

Jina la Asali alipewa na watu aliowatapeli, kwa hiyo lilimkaa sawasawa. Siku aliposikia kwamba kamati ya zaka ya msikitini haigawi tena fedha bali vyombo vya kazi, ili maskini aanzishe biashara yake, alimshukuru Mola kwa moyo mkunjufu. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapata dalali wa kununua cherehani mpya, akachukua arubuni, akaila.

Kikwazo kilikuwa yeye mwenyewe. Kwa mashavu yale manono, umaskini ungemkaa wapi? Akamwendea mjane mmoja aliyefulia watu nguo.

"Dada yangu!" alisema, na mjane akageuka kutazama anaitwa nani. "Uwe dada yangu asubuhi moja tu. Utalia kidogo, cherehani itatoka, nitaiuza, nawe nitakupa chako."

"Kulia sihitaji kufundishwa," alijibu mjane.

Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, naye alishona pembeni yake. Mashine ikauzwa ili mume atibiwe, na hakupona. Tangu hapo mjane aliitamani nyingine hadi ndotoni, huku sabuni ikimchubua mikono. Hayo Asali hakuyauliza. Maskini anataka nini, hilo linamhusu nini tapeli?

Kesho yake Asali aliichana suruali yake gotini, kwa heshima ya shughuli, wakaenda. Mwenyekiti wa kamati, muuza miwani asiyependa maneno mengi, alimkalisha mjane kwenye mashine. Mjane akashona pindo, likanyooka.

"Zaka humilikishwa," alisema mwenyekiti. "Ikishaingia mkononi mwa mstahiki ni mali yake, hata sisi hatuna neno tena. Wewe kaka mtu, una sehemu humu?"

Mwenye akili angesema hapana, akanyamaza. Lakini jamani, Asali alikuwa ameona watazamaji!

"Mimi? Wallahi sina hata uzi! Na atakayemnyang'anya dada yangu, mwiteni mwizi, hata akiwa mimi!"

Wanakamati wawili walifuta machozi. Mjane hakulia. Alisikiliza vizuri sana.

Alasiri Asali akaja nyumbani kwa mjane na mkokoteni. Akakuta mlango wazi, mashine inalia, majirani wamesimama na mashati yao.

"Haya dada, mchezo umekwisha. Dalali ananisubiri pale kona."

"Dalali wa nini, kaka?"

"Usinitanie! Nitakwenda kuwaambia ulidanganya."

"Nilidanganya nini? Ujane ninao, umaskini ninao, kushona wameniona. Uongo ulikuwa mmoja tu, kwamba nina kaka. Twende tukauseme pamoja, na kiapo chako tuwakumbushe."

Majirani wakaangua kicheko. Huko kona dalali alikuwa amechoka kusubiri, anakuja huku akikunja mikono ya shati. Asali akaurukia ukuta wa uani, na suruali ikapasuka kutoka gotini hadi mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja.

"Kaka!" mjane alimwita kwa upendo. "Rudi nikushonee! Ila utalipa kama wateja wengine."