Mita Yangu Haidanganyi

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua mita ya umeme. Ya mfukoni, ya manjano, nyaya mbili zenye ncha kali, mmoja mwekundu mmoja mweusi. Bei ya kutupwa. Muuza vifaa alisema inapima volti, inapima betri, inatafuta waya uliokatika, kila kitu. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. Akasema nisimmalizie siku.

Mradi wa sabuni umekufa. Wa kuku umekufa, ila kuku walitangulia. Huu wa umeme hautakufa. Nitakuwa fundi wa mtaa mzima, na Shemeji atakoma. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Ana bisibisi yenye kitaa ndani. Kila akija hapa anaichomeka kwenye soketi, kitaa kinawaka, mama mkwe anampigia makofi. Kitaa tu! Mimi sasa nina tarakimu.

Jioni nimepima betri zote za nyumba. Rimoti, nzima. Tochi, inakata roho. Saa ya ukutani, ile tuliyoiita mbovu tangu mwaka jana: betri tu! Nimetia mpya, inatembea. Mke wangu amesema leo nimefanya jambo. Kichwa kimevimba, sikatai. Mita nimeilaza kando ya mto ikiwa imewashwa, iwe tayari kwa kazi.

Jumanne, 4 Machi

Cherehani ya mke wangu imezima ghafla katikati ya gauni. Si jambo dogo. Cherehani hiyo ndiyo inayotulisha, tusidanganyane. Ana magauni ya wapambe wa bibi harusi, yanatakiwa Jumamosi, na bibi harusi ameshasema waziwazi: yakichelewa, ukoo wake mzima unahamia kwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Mke wangu akataka kumwita Shemeji. Nikasema thubutu! Nyumba hii ina mtaalamu.

Nikachomoa waya wa cherehani, nikaupima. Ukiweka mita kwenye alama ya sauti, inalia pii kama njia ya umeme ipo. Nikagusanisha ncha zenyewe: pii! Nikaweka moja kwenye plagi, nyingine upande wa pili wa waya: kimya. Nikarudia. Kimya. Nimefikiri sana. Nimeona mita imechoka kulia, maana watoto waliichezea asubuhi nzima. Waya utakatikaje na huku nje unang'aa? Nimemwambia mke wangu tatizo ni kubwa kuliko waya.

Jumatano, 5 Machi

Mita imeongeza kitu. Kwenye kona ya kioo kimetokea kipicha cha betri. Vizuri. Maana yake betri ipo.

Nikapima soketi. Mia mbili tisini na saba! Umeme wetu ni mia mbili thelathini, unaruhusiwa kucheza kidogo tu. Macho yakanitoka. Kumbe huu ndio umeua cherehani! Nikakimbilia ukumbini, nikazima swichi kuu, ambayo ni moja kwa wapangaji wote. Kinyozi wa chumba cha mbele alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Akatoka na mashine mkononi, akauliza nani kichaa. Nikamwonyesha tarakimu. Akanywea, akasema nimemwokoa. Mteja wake ameondoka na nywele upande mmoja, kajifunika taulo.

Mama wa chumba cha tatu ameniita Injinia. Injinia! Nimetembea ukumbini mara kadhaa ili aniite tena. Mke wangu tu ndiye hakushangilia. Anashona kwa mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasha kidogo nikapima. Mia tatu kumi na nane. Inapanda! Nikazima haraka.

Friji ya mama wa chumba cha tatu inatiririsha maji mpaka ukumbini. Leo hajaniita Injinia. Shemeji amekuja na bisibisi yake, akasema kitaa kinawaka vilevile kama siku zote. Nikamjibu kitaa hakijui kuhesabu. Akairudisha bisibisi mfukoni. Raha! Nimekwenda ofisi ya umeme kuripoti hatari. Wamesema watatuma mtu.

Vidole vya mke wangu vimejaa matundu ya sindano. Magauni hayafiki popote. Roho imeniuma, nasema kweli. Nikataka kusema labda tuutazame tena ule waya. Lakini Shemeji alikuwa bado yuko mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Mtu wa umeme amekuja. Mita yake nene, imevaa mpira. Akawasha swichi kuu, akapima: mia mbili ishirini na tisa. Nikamwambia mita yake mbovu. Akaomba yangu, akatazama kile kipicha, akacheka mpaka akashika ukuta. Ati kipicha maana yake betri inakufa. Ati mita rahisi kama hizi betri ikidhoofu zinataja namba kubwakubwa, na hazijizimi zenyewe, kwa hiyo usilale nazo zimewashwa. Mbele ya wapangaji wote! Kinyozi akaniangalia kwa jicho la wembe.

Ilibidi niokoe heshima. Nikasema mita yangu inapima hata umeme unaopita. Nikahamisha waya mwekundu kwenye tundu la pembeni, lile la 10A, nikachomeka ncha zote mbili kwenye soketi. Mtu wa umeme alipiga ukelele wa hapana, lakini mkono ulishafika. PAA! Cheche, moshi, swichi kuu ikajizima. Ncha zimeyeyuka, mita yenyewe bado inasoma. Nyusi ya kushoto haipo.

Akasema kutumia tundu lile kwenye soketi ni sawa na kugusanisha nyaya zake mbili, nishukuru kubaki na macho. Akasema vimita hivi ni vizuri kwa betri na nyaya zilizochomolewa, tena sana, ila kwenye soketi havina kinga ya kutosha. Muuza vifaa hakutaja hayo.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mke wangu ametia betri mpya kwenye mita. Hakuniuliza. Akachomoa waya wa cherehani, akarudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake, akaweka alama ya sauti, akapima. Kimya. Akaupinda karibu na plagi: pii! Akauachia: kimya. Akakata kile kipande, akafunga plagi upya. Cherehani ikanguruma hata chai yangu haijapoa.

Akaniambia mita ilinieleza tangu Jumanne, ni mimi niliyekataa kusikia. Nimeona aibu, ya kweli, mpaka masikioni.

Ameshona bila kuinua kichwa. Pindo la mwisho amelimalizia nyumbani kwa bibi harusi, mpambe akiwa ndani ya gauni. Ukoo haujahama. Mita ameitia kwenye kopo lake la vifungo, ni yake sasa. Mimi nimekatazwa kugusa soketi yoyote.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja tu: kutegemea mita moja. Nimerudi kwa muuza vifaa, nimenunua ya pili. Bei ileile ya kutupwa.

Mke wangu alipotoka nikaazima ile ya kwanza kutoka kwenye kopo, nikapima soketi kwa zote. Ya kwanza: mia mbili ishirini na tisa. Ya pili: mia tatu na nne! Moja inadanganya, na najua ni ipi. Ya kwanza ilishaungua, itaaminiwaje? Ya pili ni mpya kabisa. Tena kipicha cha betri imekuja nacho kutoka dukani, sikulazimika kukingoja. Mtu wa umeme aliongea mengi kuhusu kipicha, lakini alikuwa anazungumzia mita ile nyingine.

Kesho nanunua ya tatu, zipige kura. Kwa sasa nimezima swichi kuu, kwa usalama wa wote.

Kinyozi anagonga mlango. Ana mteja. Hajaniita Injinia.