Hamira Yangu Ndani ya Pipa la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimeanza! Mama mkwe amechoka, magoti hayamtaki tena. Atampa mtu ufunguo wa chumba cha mapipa, na mwenye ufunguo ndiye msimamizi wa mvinyo wote wa nyumba hii. Tuko wawili: mimi, na shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, tunayemwita Pua kwa sababu hunusa kitu kabla hakijafika. Zabibu zimekamuliwa asubuhi, kila mmoja kapewa pipa. Mwenye mvinyo bora anachukua ufunguo. Mimi tangu nioe ni muosha chupa. Imetosha!

Muuza vifaa ameniuzia hamira ya pakiti. Anasema hii si hamira ya mchezo. Haitikisiki na kilevi inachokitengeneza yenyewe, na hutoa sumu inayoua hamira nyingine zilizo jirani. Nimeipenda papo hapo. Kimya, ngangari, haina huruma. Mimi mtupu! Nimemwaga pakiti nzima juisi haijatulia hata.

Pua hakumwaga kitu. Anasema maganda ya zabibu huja na hamira zake. Kafunika pipa kwa kitambaa, akaweka mfuniko, akaenda kula. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumanne, 4 Machi

Pipa langu linanguruma! Povu limeinua mfuniko! Nimewaita wote waje waone. Mama mkwe alitazama, akasema hmm. Sijui hmm ile ilikuwa ya aina gani.

La Pua limenyamaza kama limefiwa. Nilimpa pole. Akashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Limeamka. Halingurumi, linatoa viputo vidogo vya aibu aibu. Lakini harufu! Mama yangu, harufu! Peasi, asali, na maua fulani nisiyoyajua jina. Nilikwenda kwa dharau, nikajikuta nimeshika pipa kwa mikono miwili. Langu linanukia nguvu. Nguvu tu.

Nilimuuliza siri yake kijanja, kama mtu asiye na hili wala lile. Akanieleza yote bila choyo, jambo lililoniudhi sana. Anasema hamira za maganda ni dhaifu, lakini ni mafundi wa harufu. Ziko za namna nyingi, kila moja inaongeza chake. Kilevi kikipanda zinaanza kufa, na zinazokufa zinakuwa chakula cha zinazobaki. Nilisimama nimeachama. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vinaachiana nafasi kuliko ukoo wetu mezani!

Kisha nikakumbuka ufunguo. Na nikakumbuka sumu. Pakiti moja ndani ya pipa lake, mafundi wote chali! Nimekwenda mbio kununua nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Adhuhuri. Nyumba nzima imelala. Pakiti mfukoni, nikanyata hadi chumba cha mapipa. Mama mkwe yumo! Amekaa kwenye kigoda, sikio kaliegemeza kwenye pipa la Pua, macho kafumba, anatabasamu. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema afadhali nimekuja, chupa zile pale.

Nimeosha chupa mpaka jioni.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amefua suruali. Ile ile! Na pakiti mfukoni! Sasa imeanikwa uani inanukia mkate. Ameniuliza nilificha nini. Nikasema ni jasho la kazi. Akaninusa shingoni, akasema jasho langu halijawahi kuwa na bahati hiyo.

Nimerudi kwa muuza vifaa. Akauliza kama nimeongezewa mapipa. Nikalipa, nikaondoka mbio.

Jumapili, 9 Machi

Nimefaulu! Pua alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, amejiinamia. Nikampita, hakuinua kichwa. Ndani, viputo vyake vimekuwa vichache, lakini harufu iko palepale. Nakiri hapa kwa sababu hakuna asomaye: nilikwenda kuua, nikakaa kunusa. Nilinusa weee. Nikaliomba pipa radhi, nikamwaga. Mfuniko ukanibana kidole. Sikulia. Nililia nilipofika chooni.

Jumanne, 11 Machi

Pipa la Pua linanguruma. Sumu kazini! Yeye anazunguka uani akiimba. Maskini, hajui kwamba anachosikia ni vilio vya mafundi wake.

Jumamosi, 29 Machi

Siku ya kuonja. Mama mkwe alianza na langu. Akameza. Akasema ni mvinyo. Tukangoja. Akasuuza bilauri.

Akaonja la Pua. Akaketi. Tukapewa na sisi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kukunja uso. Sikuweza! Peasi zilikuja kwanza, kisha maua, kisha asali bila utamu wa asali, na mwisho kitu kikavu, kisafi, kilichofunga mdomo vizuri kama mlango mpya. Mama mkwe alisema hajaonja mvinyo wa namna hiyo tangu baba mkwe alipokuwa hai. Machozi yakamlenga. Na mimi yakanilenga, nikasingizia kidole.

Pua akasema ukweli wake. Pipa lake lilikuwa linaacha kuchachuka. Hamira za maganda zilichoka na sukari bado tele. Jumapili ile alikaa ngazini akijua ufunguo umemponyoka, na kiburi kikamkataza kununua pakiti. Halafu pipa likaamka lenyewe! Akaanza kuyasifu maganda, ushujaa wake, uvumilivu wake.

Hapo nikashindwa. Sifa zangu yapewe maganda? Nikasimama, nikasema ni mimi! Ni hamira yangu ile!

Mke wangu akasema neno moja tu: suruali.

Mama mkwe akauliza nilikuwa natafuta nini ndani ya pipa la mwenzangu. Nikasema nilikuwa nasaidia. Pua akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza. Hamira ni ile ile kwenye mapipa yote mawili. Kwangu iliingia ya kwanza, ikala kila kitu kabla fundi hajagusa chochote. Kwake ilikuta mafundi wamekwisha weka harufu zao, wako hoi, ikamalizia sukari waliyoshindwa. Hata sumu yake haikuharibu kitu, kazi ilikuwa imeshafanyika.

Nikanywa tena. Ni mzuri mno mvinyo ule. Na sehemu yake ni mimi!

Ufunguo kapewa Pua. Sikuumia nilivyotarajia. Yeye mwenyewe akaomba niwe msaidizi wake, akasema wadhaifu na wenye nguvu wanahitajiana, wakipishana vizuri. Nitatunza pakiti, na kumwaga nikiambiwa. Nikiambiwa tu, akarudia. Muosha chupa kapanda cheo!

Jumatatu, 31 Machi

Zabibu za mwisho zimekamuliwa leo. Pipa letu la kwanza la ubia! Pua amesafiri asubuhi hii hii, ameniachia ufunguo. UFUNGUO! Nimeuvaa shingoni. Amesema nisiguse kitu mpaka arudi Ijumaa, mafundi wafanye kazi kwanza. Amesema akiwa mlangoni, akarudi kutoka barabarani akasema tena. Nikaitika mara zote.

Yule mwanamke ana kipaji, nasema wazi. Sijaona mfano wake. Ila ni mtu wa polepole mno. Nimekaa kwenye kigoda cha mama mkwe, sikio kwenye pipa, nikafikiri. Pakiti moja iliyochelewa imefanya maajabu yale yote. Sasa ikiwahi je?

Nimemwaga mbili. Atafurahi sana akirudi.