Mkono Yangu Mbele ya Wanafunzi Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Machi 2011

Andika, Nelima, na usirekebishe maneno yangu. Wewe fundi wa nguo, si wa midomo ya watu. Mkono yangu ya kulia imelala. Kidole kidogo na jirani yake, kama nyama ya mtu mwingine. Asubuhi nilishika sufuria kwa moto, sikusikia. Harufu ndiyo iliniambia.

Mwalimu Oyugi, ule Mkenya anafundisha vijana kazi ya kunyoosha viungo pale kliniki yetu ya Kabalagala, anataka mgonjwa moja kesho kutwa. Atamuweka mbele ya wanafunzi, wamuulize, wafikiri, watafute shida inatoka wapi. Moja tu! Adyero, ule tunakaa naye kwa benchi ya wagonjwa, na goti yake ameshajipaka mafuta. Goti! Hata mbuzi ya marehemu bwana yangu, ile ya pembe moja, ilikuwa na goti mbaya. Nani aliita wanafunzi? Nimeamua. Ni mimi.

Jumanne, 8 Machi

Nimeshinda. Nilienda mapema, nikaangusha kikombe ya Mwalimu mbele ya macho yake. Mara mbili. Ya pili nilisaidia kidogo. Akasema, basi mama Mbambu, kesho ni wewe. Adyero akauliza benchi yote kama siku hizi hapa wanatibu vikombe.

Sasa shida. Wataniuliza kazi. Mimi nauza makaa. Gunia nabeba mgongoni, mkanda kwa kipaji ya uso, shingo mbele, vile mama yangu alibeba, vile wanawake wa kwetu Butembo wanabeba. Hapa Kampala wanacheka. Punda ya Kongo, wanasema. Wasomi kumi na mbili wanicheke? Hapana! Nitafunga kitambaa mpaka kwa nyusi. Nitasema niko na mtumishi. Nelima anasema nikidanganya musawo, daktari, nadanganya mkono yangu. Ashone nguo.

Jumatano, 9 Machi

Wameniweka kwa kiti katikati. Koti nyeupe kila upande. Wananiita Jjajja, bibi. Jjajja, unalala namna gani? Jjajja, uchungu inaanza wapi? Na Mwalimu hakubali swali bila sababu, lazima useme kwa nini unauliza. Mimi nikisema, wote kimya! Nikasema vita. Nikasema vile tulikimbia, na vile mtoto yangu Mumbere alibaki njiani, hatukuweza hata kumzika vizuri. Msichana moja, Akwero, aliacha kuandika, akaangalia viatu vyake. Tangu nitoke kwetu, hakuna mtu aliniuliza kitu akangoja jibu.

Kazi? Nikasema nakaa kwa kiti, mtumishi anabeba. Basi wakaanza kufuta kwa ubao. Si mzigo. Si sukari, damu walishapima. Kijana Otema akasema kwa sauti ndogo: kama hakuna kitu ya nje inabana, pengine ndani ya shingo kuna kitu inaota, apelekwe kwa wapasuaji.

Kupasua shingo! Nikavuta kitambaa chini zaidi. Heri kisu, wasinicheke.

Adyero, kwa mlango, akapiga kelele. Wamwambie huyu afungue kitambaa! Nani Kabalagala hajaona mgongo yake na gunia?

Mwalimu akaniomba, taratibu. Nikafungua. Pale mkanda inakaa, ngozi imebonyea, inang'aa. Nikangoja wacheke. Hakuna mtu alicheka. Mwalimu akaleta mifuko ya mchanga ya mazoezi, akasema mama, tuonyeshe. Nikafunga, nikabeba, nikainama. Dakika tatu hazijaisha, mkono ikalala mbele yao. Nikatua, ikaamka polepole.

Mwalimu akawaambia: mlifuta mzigo kwa sababu ya neno moja, na makaa iko chini ya kucha zake. Shingo inavutwa, mshipa wa fahamu unabanwa. Halafu akanigeukia. Mkanda basi, mama. Ukiendelea, hii mkono haitarudi. Alisema mara mbili, hakucheka hata kidogo.

Jumatatu, 28 Machi

Karibu wiki tatu sijabeba. Gunia zinakuja na toroli. Kila asubuhi narudisha kidevu nyuma kama kuku amekatazwa mahindi. Inasaidia! Kidole inasikia moto, inasikia maji ya baridi. Jana nilisuka Nelima, akalia, akasema navuta. Mkono yenye inavuta ni mkono nzima!

Leo Mwalimu akasema wanafunzi wapya wanakuja Alhamisi. Nikamuambia niko tayari, na gauni iko tayari. Akacheka. Mama, wewe unapona, hawatakuwa na kitu ya kutafuta. Atachukua Adyero.

Goti!

Adyero akaniuliza, kwa heshima nyingi sana, kama nitakuja kumsikiliza.

Jumanne, 29 Machi

Nelima ameweka kalamu chini, anasema hataandika hii. Nimemuambia basi nitatafuta mwingine. Ameshika tena. Analia bure.

Andika: asubuhi nilifunga mkanda. Gunia moja kutoka barabarani mpaka nyumbani. Baadaye ingine. Alhamisi sitadanganya tena, hapana, nimejifunza. Nitawaambia yote, tangu nyumba ya baba yangu, mpaka saa ya chakula ipite. Kwa Mumbere nitakaa sana. Mara ya kwanza nilipita haraka.

Sasa hivi nimechoma kidole kidogo na sindano. Kimya kabisa. Jirani yake bado anasikia kidogo, lakini iko kesho nzima ya kubeba.