Marehemu Wote Kwenye Herufi M

Dodoma, Jumatatu, 2 Juni 2025

Dorkasi wangu,

Upepo wa Juni umeanza. Vumbi limeingia hadi kwenye printa. Lakini leo nina habari: Dokta Fabian wa chuoni ameleta kazi kwenye kibanda changu, si kwa Batuli! Batuli wa ng'ambo ya barabara ana programu inayopanga marejeo yenyewe. Mimi nina vidole. Kwa Batuli kulikuwa na foleni, lakini hilo halina haja ya kuandikwa.

Jarida la sayansi ya kilimo limemrudishia dokta makala yake. Utafiti hauna shida. Shida ni marejeo, ile orodha ya mwisho ya watu wote ambao maandishi yao yametumika. Jina la ukoo kwanza, halafu herufi ya jina lake, mwaka, kichwa cha kazi, mahali ilipochapwa. Yeye alikuwa ameyarundika kama nguo za kufua. Anayataka Alhamisi.

Nimeifungua. Inahusu kuhifadhi uwele kule kwetu Haneti. Dorkasi, ni wale! Wale wa gari jeupe, waliokuja kabla hujaugua, wakakaa uani tangu chai ya asubuhi wakikuuliza habari za vihenge na majivu, wakala kuku wetu mwenye kishungi. Nimekutafuta ukurasa kwa ukurasa. Nimekupata. Wewe ni "mkulima mmoja wa kike". Dereva wao ametajwa kwenye shukrani, majina yote matatu. Kampuni ya maturubai imetajwa.

Nimekunywa maji. Nimeamua. Utaingia kwenye marejeo.

Jumanne, 3 Juni

Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Kanuni zinataka uwe "Ndahani, D." D na nukta! Mtu mzima, sauti ya kwanza kwaya ya akina mama, anabaki herufi! Nimekataa. Nimeandika Dorkasi yote. Kichwa cha kazi: Mazungumzo juu ya Uwele. Mchapishaji: Uani, Haneti. Kurasa nimeweka mia mbili, maana nakufahamu. Umeangukia kati ya Mushi na Ngowi, maprofesa wote wawili. Najua ungewauliza kwanza kama wamekula.

Halafu dhamiri ikanisumbua. Nimekuandika kama mtu aliye hai. Mama yako angesikia nimekutaja bila kusema marehemu, angenisema mbele ya wageni. Nikaweka: Marehemu Ndahani, Dorkasi. Sasa ukaonekana peke yako, kama ng'ombe mwenye kengele.

Hapo hila ikanijia. Humu wamo walioandika mwaka 1968, 1971, 1974. Hao nao bila shaka wametangulia. Na wasomi wanawataja kavukavu, bila haya! Nikawapa wote umarehemu. Wewe ukajificha katikati yao. Akili hiyo!

Nikabonyeza kompyuta ipange kwa alfabeti. Marehemu wote wakahamia herufi M, mmoja chini ya mwingine, kama makaburini. Nimeona inapendeza. Nimeacha.

Jumatano, 4 Juni

Batuli amevuka barabara. Shikamoo Baba Yasinta, bado unachambua kimoja kimoja kama mchele? Akacheka. Nikamwambia mchele wa mashine ndio wenye mawe. Akasema nimpe akague, bure, chai haitapoa. Bure! Nikajua anataka kuniibia dokta. Nikafunika kioo kwa kanga yako. Akauliza kwa nini kompyuta imevaa kanga. Nikasema baridi.

Alipoondoka nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesugua masufuria yote siku ya msiba wako. Nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 5 Juni

Ushindi! Dokta amekuja, simu sikioni. Akauliza kwa nyusi kama tayari. Nikajibu kwa nyusi kwamba tayari. Akaituma palepale kwa barua pepe, hakusoma hata mstari. Binti yetu Yasinta, aliyekuwa kwenye fotokopi, akaniuliza mbona hakusoma. Nikamweleza kwamba marejeo kila msomi anayadai na hakuna anayeyasoma.

Umeingia, mama! Uko kwenye sayansi!

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Batuli amefunga duka. Soko lote langu. Hakuna mteja.

Mchana ameniletea pilau. Nimeipokea kwa ubaridi. Nimerudisha sahani ikiwa nyeupe.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Profesa Damas, yule wa 1974, yu hai. Si hai tu, ndiye mhariri mkuu wa jarida! Tena anasoma marejeo. Nadhani nchi nzima ni yeye peke yake.

Dokta Fabian ameingia bila hodi. Anasema profesa amempigia simu kumuuliza yeye profesa amezikwa wapi, maana familia haijaambiwa. Na mkewe anataka kujua kama kuna mjane mwingine aliyetoa tangazo. Dokta akaniuliza taarifa ya kifo nimeipata wapi. Nikasema kwenye mwaka 1974. Akauliza nimefuata kanuni gani. Nikasema adabu. Nikampa na pole, kwa mazoea. Akazidi kuwaka.

Kisha akauliza huyu Ndahani ni nani. Nikasema ni mke wangu.

Akavuta kiti. Akasema polepole, Mzee Zablon, chanzo lazima kipatikane, msomaji akitaka kukiona akione. Nikamwambia kaburi liko Haneti, nyuma ya kanisa, msomaji akija nitampeleka mwenyewe. Akasema pole sana mzee, lakini jina lisipotoka makala haichapwi. Nikauliza mbona dereva yumo. Akasema dereva yumo kwenye shukrani. Nikamwambia dereva alikula mapaja yote mawili, na wewe dokta ulipewa firigisi yangu.

Anaikumbuka. Alitazama chini.

Lakini kazi ameichukua. Nimemwona kwa macho yangu akivuka barabara kwenda kwa Batuli. Na wewe uko ndani ya ile makala, unasubiri kufutwa. Nimefunga kibanda mapema.

Jumatano, 11 Juni

Batuli amekuja. Mashine yake imenyoosha kila kitu. Walio hai wamefufuka, kila mmoja amerudi kwenye herufi yake. Mimi nilikuwa nangoja jambo moja tu, na nilishindwa kuliuliza.

Akalisema mwenyewe. Dokta alimwamuru afute mstari wako. Akamjibu kwamba Mama Yasinta alikuwa jirani yake, pasi ya mkaa aliyomwazima hadi leo iko kwake, hamfuti mpaka aambiwe anahamia wapi. Dokta akajikuna shingo, akataka kuondoka, akarudi. Akamsomea maneno, Batuli akaandika kwenye shukrani: "Tunamshukuru Dorkasi Ndahani wa Haneti, aliyetufundisha na kutulisha." Kabla ya jina la dereva!

Amenichapia ukurasa. Nimesoma hadi nikalazimika kuvua miwani. Kisha nikamwomba aongeze neno marehemu mahali pake. Akasema hapana Baba Yasinta, utaua watu tena.

Nimemuahidi Batuli, mbele ya Yasinta, kwamba sitatia mtu kwenye marejeo ya watu maisha yangu yote.

Alhamisi, 12 Juni

Mteja mpya! Ruthu, mwanafunzi, mpole, ana haraka. Tasnifu juu ya nyuki wa Kondoa. Nimempa kiti kabla hajatazama ng'ambo ya barabara. Nimemwambia marejeo ndiyo kazi yangu.

Hamna uwele humu. Lakini Dorkasi, unakumbuka ile harusi ya Kondoa, nyuki alipokuuma shavuni, ukacheza hadi jioni na shavu lako kama andazi? Huo si utafiti? Nimeandika: Ndahani, Dorkasi. Kuumwa na Nyuki: Maelezo ya Aliyeumwa. Kondoa: Harusini. Kurasa thelathini tu, nisionekane nina upendeleo.

Na kuna bwana mmoja humu wa mwaka 1961. Nimempa umarehemu. Safari hii nina uhakika.

Nawe huko uliko, ukipata nafasi katikati ya kuimba, unikumbuke.

Zablon wako