Malalamiko Kuhusu Jeni ya Ulimi Niliyorithishwa na Ukoo

Chemchem, Tabora
Jumatano

Kwako Baba Mkubwa Ngollo,
Mkuu wa ukoo, Urambo.

Shikamoo. Natumaini tumbaku imekauka vizuri na Mama Mkubwa haumwi tena magoti. Mimi bado niko kitandani, naugua. Ingawa nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai upande wa baba, naandika kukulalamikia wewe na, kupitia kwako, marehemu wetu wote.

Jumapili nilikwenda Ipuli kujitambulisha kwa kina Shamila, yule muuza vitenge niliyekueleza wakati wa Idi. Nilifuatana na mshenga wangu Saidi, fundi cherehani. Mama yake Shamila, Bi Maua, alituandalia wali, kuku, na mamumunye ya karanga. Mamumunye yale yalikuwa machungu, hutokea. Saidi alionja, akasema simu yake inaita, akatoka nje, na simu akaiacha mkekani. Mimi nilimaliza bakuli. Nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Mama, mboga kama hii sijapata kula tangu nizaliwe," nikaomba nyingine. Nikaletewa. Nikamaliza.

Ndipo Bi Maua naye alipoonja, akaenda kutema uani. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kuposa au umekuja kutucheka?"

Kabla sijajibu, tumbo likanijibia. Mengine hayafai kuandikwa kwa mzazi. Itoshe kusema kwamba choo cha ukweni nilikifahamu kabla ya kuwafahamu wakwe wenyewe, na kwamba nilipelekwa zahanati kwa bodaboda, nimebanwa kati ya dereva na Saidi kama gunia la mpunga.

Nesi Julieth alituambia kuwa mamumunye machungu yana sumu, na uchungu wenyewe ndio onyo. "Hata mbuzi angeacha," akasema. "Wewe hukusikia uchungu?"

Shamila na mama yake walikuwa wamesimama karibu na miguu yangu. Baba Mkubwa, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Sikuwa tayari kushindwa na mbuzi mbele ya mchumba. Nikajiinua kwenye mto, dripu mkononi, nikatoa somo. Nikaeleza kwamba binadamu ana jeni iitwayo GNAT3, ambayo hutengeneza protini mojawapo ya zile zinazoitwa protini za G. Protini hii hukaa ndani ya seli za ulimi zinazotambua ladha. Kitu kichungu kikigusa kipokezi kilicho nje ya seli, yenyewe huipokea habari na kuiingiza ndani kama tarishi wa ofisi, na habari ikipita mikono mingine hufika ubongoni: tema! Basi, nikasema, kwangu mimi tarishi huyo hafanyi kazi. Ni hitilafu ya ukoo.

Kutokana na hayo, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Ukoo ulinirithisha jeni hii bila kunishauri. Babu zetu walibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani, na njiani walikula kila mzizi uliojitokeza. Ni dhahiri kwamba waliosikia uchungu walitema wakafa njaa, na wasiosikia ndio waliorudi wakaoa. Sisi ni uzao wa waliomeza. Mzee yeyote angeweza kurekebisha jambo hili kwa kuoa mwanamke mwenye ulimi mkali, nawe ukiwamo, ingawa nakiri kuwa ulimi wa Mama Mkubwa haujawahi kulaumiwa kwa ubutu.

2. Jina la kitu chenyewe limeniponza. Wodi ilikuwa na kelele. Bi Maua aliinama, akauliza taratibu, "Jini la ukoo?"

"Ndiyo, mama. Jeni ya ukoo."

"Na linarithiwa?"

Mimi nilidhani amekosea ngeli tu, nikamsamehe. Nikajibu kwa uaminifu wa mwalimu kwamba inarithiwa, na kwamba wajukuu wake wanaweza kuzaliwa nayo.

"Haliwezi kutolewa?"

Nikamhakikishia kuwa haitoki kwa dawa yoyote, kwa maana imo katika kila seli, kuanzia utosini hadi unyayoni. Bi Maua akamshika Shamila mkono, wakaondoka. Nikabaki najipongeza kwamba nimeeleweka. Ipuli nzima sasa inajua kuwa mwalimu Fikiri ana jini kutoka Urambo linalokula mamumunye. Mazungumzo ya posa yamesimama, na jirani mmoja amependekeza nifukizwe ubani kwanza.

3. Saidi, ambaye ni mshenga wangu kwa jina tu, ananiuliza, kama tarishi huyo huyo ndiye anayepeleka na habari za utamu, mbona asali naijua na chai bila sukari naikataa. Nimemwambia suala hilo liko nje ya silabasi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umwandikie Bi Maua kuthibitisha kwamba ukoo wetu hausikii uchungu. Ili usiandike uongo, wakusanye wanaume wote wa ukoo watafune majani ya mwarobaini. Asiyekunja uso atie sahihi. Atakayekunja uso, naomba nasaba yake ichunguzwe upya. Na endapo utakunja wewe, Baba Mkubwa, itakuwa vigumu kwangu kuona ni kwa misingi gani unaendelea kuwa mkuu wetu.

Wasalimie Mama Mkubwa, watoto, majirani, na wote wanaoniulizia, pamoja na wasioniulizia.

Ni mimi mwanao mtiifu, ingawa nina hitilafu,
Fikiri

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha alipoingia Shamila na kikombe. Alisema mama yake amechemsha mwarobaini ili jini lijulikane kama lipo kweli. Nilipiga funda moja huku nimekaza uso kishujaa. Uso ulinisaliti. Nilikimbia kutema dirishani, na niliporudi Shamila alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

"Kumbe unasikia," akasema.

Nikasema nasikia. Jumapili pia nilisikia, tangu kijiko cha kwanza. Nilidhani mboga ile ameipika yeye, nikaapa moyoni kwamba sitaacha hata tone.

Shamila akafuta machozi. "Mboga alipika mama," akasema. "Mimi nilipika wali. Wali hukuugusa."

Baba Mkubwa, sikuwa na jeni wala jini la kusingizia. Shamila amekwenda kumwambia mama yake kwamba bwana harusi hana pepo, ni mwongo tu, na kwamba yeye anamudu kumtunza mwongo. Bi Maua ametuma salamu kuwa mje Ijumaa kwa posa. Barua hii nilitaka kuichana, lakini Shamila ameisoma yote na kuamuru iende kama ilivyo, nawe uisome mbele ya Mama Mkubwa. Nisamehe. Ile sehemu ya ulimi wake, ukiweza, kohoa.